Valvu Nane Ndani ya Debe la Ulezi

Wewe uliyechelewa kuanza kusoma, jina langu ni Lusubilo, wa Nanyala, na huu ni mkosi wangu wa nne. Wa kwanza ulikuwa wa baiskeli, wa pili wa miche ya kahawa. Wa tatu ni ile karabai ya kanisa niliyoiangusha siku ya Krismasi mbele ya washarika wote, nikabandikwa jina la Bwana Vunja. Usicheke ukaishiwa, maana wa leo ndio mkubwa wao.

Wiki jana mliniacha sebuleni kwa Mzee Yonathani wa Iyula, mzee wa kanisa, baba yake Ketrina. Nilikuwa nimepeleka posa, na mzee alikuwa akinitazama mikono badala ya uso.

Akaniambia kwamba mwanawe Damiano, aliye migodini Kitwe, anatuma mashine ya kukuza sauti na karabai mbili kubwa kwa ajili ya harusi ya Ruti, dada mkubwa wa Ketrina. Vitu vizito, na ndani vioo vitupu. Vitashushwa Tunduma kutoka kwenye basi la Rodesia, na toka Tunduma hadi Iyula kunahitajika mtu wa kuvisindikiza.

"Kavichukue wewe," akasema. "Ukinifikishia kila kitu kizima, kinasema na kinawaka, nitakupa jibu lako."

Nitakupa jibu lako! Nilitoka pale nikiruka mitaro. Jibu gani jingine lingekuwepo? Kichwani mwangu nilikuwa nimekwisha kuoa, nina watoto watatu, na wa katikati amefanana na mimi pua.

Basi Ijumaa alfajiri nikawa Tunduma, nimevaa suruali yangu mpya ya kaki, maana mtu anayekwenda kupewa mke havai viraka.

Mzigo niliukuta barazani kwa Mhindi mmoja mwenye duka, watu wameuzunguka. Sanduku la mashine, uzito wake gunia zima la kahawa. Tarumbeta la bati la kutolea sauti, mdomo wake mpana kama beseni. Karabai mbili na vioo vyake. Betri ya gari. Na juu ya sanduku, barua yangu.

"Mulamu," ilianza. Ndivyo wanavyomwita shemeji huko migodini. Nililisoma neno hilo mara tano kabla sijaendelea.

Damiano aliandika kama mtu anayejua barabara yetu. Sanduku lisilazwe ubavu. Betri isimame wima muda wote, maana ndani yake mna maji makali. Na zile valvu nane, yaani vile vichupa vya kioo vinavyoipa mashine uhai, zichomolewe hapo hapo Tunduma na kila moja ifunikwe na kitu kinachojaa pande zote, zisigusane hata kidogo. Moja ikipasuka, mashine nzima inakuwa bubu. Mwisho akasema fundi wa kuifunga ni rafiki yake Jonasi, wanafanya kazi pamoja, ametangulia Iyula ananisubiri.

Nikachomoa valvu moja baada ya nyingine huku nimezuia pumzi. Zilikuwa na ukubwa wa yai la kanga, ndani zina nyaya nyembamba na weusi fulani. Nikazipanga kwenye leso yangu. Sasa nizifunge na nini? Mmoja akasema pamba, mwingine majani ya migomba, mwingine akashauri nizishike mkononi hadi Iyula.

Alikuwepo mama mmoja Mnamwanga, Mama Ferista, muuza mayai kutoka Ndalambo. Akainama, akaokota valvu, akaitikisa sikioni kama anavyopima yai bovu.

"Mwanangu, mimi mayai yangu yanapanda lori mwaka wa saba huu," akasema. "Yanalala ndani ya ulezi. Pamba inabonyea, majani yanateleza. Ulezi unakamata kila upande na hauachii."

Alikuwa na debe la ulezi alilokwisha kulitoa mayai asubuhi ile. Tukabadilishana, mimi nikachukua debe, yeye akachukua koti langu la mvua. Likumbukeni koti hilo, maana nitalililia baadaye.

Mama Ferista mwenyewe akazipanga. Ulezi kidogo, valvu mbili, ulezi tena, valvu mbili, mpaka debe likajaa na ukiangalia juu huoni kitu ila ulezi. Akalipiga teke debe lile. Nusura nizimie. Tukafukua moja ya juu, nzima kabisa, tukaifukia tena. Nikamwita mama yangu wa pili.

Dereva aliitwa Andongwisye, na lori lake lilikuwa limebeba chumvi. Nikapanga mzigo kwa akili zote. Sanduku limesimama juu ya magunia matupu, mbali na magurudumu ya nyuma. Karabai nimezitundika kwa kamba zining'inie zisiguse bodi. Debe nimelibana kwenye kona. Ila betri, kila kona ya barabara, ilikuwa inataka kulala.

Nikaikalia. Nikajiona mwerevu kuliko fundi yeyote wa Kitwe.

Toka Tunduma hadi Vwawa nilikuwa mfalme, nimeketi juu ya betri na tarumbeta mapajani, nikiwapungia watu barabarani. Lori likiruka, ninaruka nalo, ninarudi juu ya betri, ninacheka peke yangu. Andongwisye akapaza sauti kutoka mbele akiuliza kama nimelewa. Nikamjibu kwamba ninaoa.

Vwawa lori likasimama kupakia mtu. Nikatazama chini nione ni nani.

Alikuwa Mama Loisi, mke wa Mzee Yonathani, mama yake Ketrina.

Kwa msomaji wa mbali nieleze. Kwetu, ukishapeleka posa, hata kabla hujajibiwa, mama wa msichana ni mkweo. Humtazami usoni. Husemi naye. Ukikutana naye njiani unaingia majanini mpaka apite, na yeye vilevile anageuka. Ni heshima hiyo, na asiyeijua haozeshwi. Sasa mimi nitaingia majani gani, nami niko juu ya lori, juu ya betri? Nikiruka, betri italala na maji yatamwagikia mashine.

Hapakuwa na muda wa kuwaza. Nikalivaa tarumbeta kichwani.

Liliniingia mpaka mabegani. Nikasikia Mama Loisi akipanda, akasita. Viatu vyangu alivijua. Nikasikia kanga ikifunuliwa na kufunikwa kichwani, kisha akaketi akinipa mgongo. Watu wakampakilia madebe, nikasikia moja, mbili, tatu, nikadhani ni mafuta ya taa.

Hivyo ndivyo tulivyosafiri, mama mkwe wangu na mimi. Yeye anatazama tulikotoka, mimi natazama bati. Kila shimo, tarumbeta linanigonga meno. Lakini niwaambie ukweli, ndani mle nilikuwa sijiwezi kwa furaha. Nikaanza kuimba wimbo wa kanisa taratibu, na sauti yangu ikanirudia nene na nzuri mpaka nikajishangaa kwa nini kwaya ilinikataa. Makalio yalikuwa yakiniwasha kidogo. Nikasema ni joto.

Tukafika Iyula saa nane mchana. Uwanja wote ulijaa watu wa harusi. Nikasikia vigelegele vya kumpokea mama, nikasikia akina mama wakipokea mizigo, nikabaki nimekaa vile vile mpaka Andongwisye aliponigonga kwenye bati na kusema nitoke, mkwe wangu amekwisha kuingia jikoni.

Nikatoa kichwa kwenye mwanga. Mzee Yonathani alikuwa amesimama chini ya lori.

Akakagua kitu kimoja kimoja. Akapitisha kidole kwenye vioo vya karabai, akakizungusha, akarudia. Akakagua sanduku pembe zote nne. Akalitazama tarumbeta ndani na nje.

"Bwana Vunja hajavunja," akasema.

Uwanja ukalipuka kwa kicheko na makofi. Nikamwona Ketrina amesimama mlangoni na ungo mkononi, akaficha uso nyuma ya ungo ule, lakini mabega yalikuwa yanacheka. Ningekufa saa ile, ningekufa nimeshiba.

Ndipo akaja Jonasi, yule fundi. Suti ya mistari, tai, saa ya mkononi, na kalamu mbili mfukoni. Akanipa mkono, akafungua sanduku, akainua kichwa.

"Valvu ziko wapi?"

Nikamjibu kwa maringo kwamba ziko kwenye debe la ulezi, ni njia ya kitaalamu. Akauliza debe lipi. Nikageuka kwenye kona ya lori.

Kona ilikuwa tupu.

Andongwisye akajikuna kichwa, akanieleza. Mama Loisi alikuwa ametoka Vwawa na madebe matatu ya ulezi aliyochangiwa na ndugu zake wa Hasamba, kwa ajili ya togwa la harusi. Akina mama walipokuja kupokea waliona madebe ya ulezi, wakabeba madebe ya ulezi. Manne. Mimi wakati huo nilikuwa ndani ya tarumbeta.

Na kutoka jikoni ikasikika sauti ya jiwe la kusagia.

Nikaruka kutoka kwenye lori. Niliporuka, nikasikia upepo wa Iyula mahali ambapo upepo haupaswi kufika. Nikapeleka mkono nyuma. Ndugu zangu, suruali haikuwepo. Yale maji makali ya betri yalikuwa yameila toka Tunduma, na pale mkono ulipogusa, kaki ikabaki vidoleni kama majivu. Koti la kujifungia kiunoni lilikuwa njiani kwenda Ndalambo na Mama Ferista.

Nikapiga moyo konde. Mkono wa kushoto nikaubandika nyuma kwenye tundu, nikakimbilia jikoni nikiwa nimeubandika hivyo hivyo.

Mlangoni mwa jiko nikakutana uso kwa uso na Mama Loisi. Alikuwa anatoka, na ameshika valvu moja kwa jani la mgomba, kwa mbali, kama mtu aliyeshika nyoka mkia.

Akageuka kushoto. Nikageuka kulia. Katikati yetu palikuwa na mbuzi wa harusi, amefungwa kwenye nguzo. Ikiwa jambo limezidi uzito, kwetu huruhusiwa kusema na mbuzi, na mkwe akasikia.

"Mbuzi," akasema Mama Loisi, na sauti yake ilikuwa inatetemeka, "kuna mtu ameleta dawa nyumbani kwangu. Kichupa kina nyaya, kina weusi ndani. Amekitia kwenye chakula cha harusi ya mwanangu Ruti. Muulize tumemkosea nini."

Akina mama nyuma yake wakaguna. Jiwe la kusagia likawa kimya, lakini si kwa sababu niliyoitaka. Mtu aliyetia dawa kwenye chakula cha mzee wa kanisa hapewi hata maji ya kunawa.

"Mbuzi," nikasema, "mwambie mama kwamba hiyo si dawa. Ni kiungo cha mashine ya Damiano. Mwambie ziko nane, na mtu yeyote asisage."

"Mbuzi, muulize. Kama ni ya mashine, kwa nini ilifichwa kwenye ulezi?"

"Mbuzi, mwambie haikufichwa, ilihifadhiwa. Kuna mama Ndalambo anasafirisha mayai hivyo mwaka wa saba, na hajapasua."

Mama Loisi alikuwa mfugaji wa kuku, na neno mayai nililiona likimwingia. Akaishusha ile valvu kidogo aitazame vizuri. Mbuzi naye, baada ya kuambiwa mambo yote yale, akanyoosha shingo, akatoa ulimi, akaanza kulivuta lile jani la mgomba pamoja na kilichokuwa juu yake.

"Asile!" tukapiga kelele sote wawili kwa pamoja, mkwe na mkwe, tukitazamana.

Kisha tukageuka haraka, kila mmoja upande wake. Nami naapa, nikamsikia mama mkwe wangu anacheka ndani ya kanga.

Basi amri ikatoka. Madebe yote manne yakamwagwa kwenye nyungo, akina mama wakapembua ulezi punje kwa punje. Ikapatikana ya pili, ya tatu. Moja ilikuwa juu ya jiwe lenyewe la kusagia, imesalimika kwa upana wa kidole. Kila ikipatikana moja, vigelegele. Wakaziweka kwenye sufuria yenye kitambaa, Jonasi akazipokea, akapima, akazirudisha kwenye matundu yake.

Saba.

Wakapembua tena. Wakatikisa madebe, wakafagia sakafu, wakachungulia mdomo wa mbuzi. Saba.

Karabai zote mbili ziliwaka mchana kweupe, nyeupe kabisa, hapana aliyezitazama. Watu walikuwa wakitazama lile tundu moja tupu. Jonasi akajifuta mikono kwa leso, akasema bila ya nane hii ni kabati tu. Mzee Yonathani akavuta kiti, akaketi mbele ya mashine, akaanza tena kunitazama mikono. Mmoja tu aliuona, maana wa pili ulikuwa nyuma.

Nikaomba ruhusa nikatafute nyuma ya nyumba, walikomwaga makapi. Kwenye vichanja vya kuanikia kahawa nikamkuta Ketrina peke yake, anageuza kahawa ambayo haikuhitaji kugeuzwa.

"Ninayo," akasema. "Niliikuta kwenye ungo wangu."

Akaitoa kwenye kilemba chake. Valvu ya nane, nzima, inang'aa. Nikacheka kwa nguvu mpaka akaniziba mdomo. Nikamwambia kwamba amekwisha kuolewa, anipe nikimbie.

"Nitakupa. Lakini nisikilize kwanza. Baba alikuambia nini hasa?"

Nikamwambia. Nikifikisha kila kitu kizima, atanipa jibu langu.

"Alisema atakubali?"

Niliyarudia maneno yale kichwani toka mwanzo, yote, na lile neno sikulikuta.

Akanieleza haraka haraka. Jonasi hakuja kufunga mashine tu. Ana karatasi kwenye mfuko wa suti, posa yake imeandikwa vizuri kwa wino wa buluu, na baba amemruhusu aisome kesho kwenye kipaza sauti, mbele ya Iyula yote, baada ya Ruti kufunga ndoa. Damiano hajui kitu. Baba anapenda kuona nani atajitokeza vizuri mbele za watu, kisha ndipo atoe jibu. Mashine ikisema kesho, jina la kwanza itakalolitaja pamoja na la Ketrina ni la Jonasi. Isiposema, Bwana Vunja amevunja tena.

Furaha yangu yote ya toka Tunduma ikanitoka. Nikamuuliza mama yake anasemaje.

Akatabasamu kidogo, mara ya kwanza.

"Jonasi anapeana mikono na mama. Anasimama naye, anamtazama usoni, na mama anamtazama. Wewe anakukimbia, anajifunika kanga kwenye lori mpaka Iyula. Lusubilo, huoni mama amekwisha kumchagua mkwe wake?"

Niliegemea kichanja. Ndugu zangu, katika mikosi yangu yote minne, hapo ndipo nilipotaka kulia, na ilikuwa kwa raha.

Ketrina akataka kunishika mikono, akaona wa kushoto hautoki nyuma, akauliza nina nini. Nikasema mgongo. Akazunguka, akaona, akauma kilemba asicheke. Kisha akaitia valvu kwenye kiganja kile kile cha nyuma, akanifumba vidole.

"Umeibeba wewe toka Tunduma," akasema. "Sasa amua wewe."

Akaondoka na ungo wake. Valvu ilikuwa bado na joto la kichwa chake.

Nikarudi uwanjani polepole, mkono nyuma. Nikiitoa, nimemfikishia mzee kila kitu kizima kama nilivyoahidi, na kesho Jonasi atamposa mchumba wangu kwa mashine niliyoibeba mimi. Nikiificha, nitakuwa mwongo mbele ya mzee wa kanisa kwa ajili ya binti yake. Hatua kumi zile zilikuwa fupi mno.

Mzee Yonathani akaniuliza kama nimeiona. Nikaitazama mashine. Watu wakasogea. Nyuma yangu nikasikia akina mama wakitoka jikoni kuja kusikiliza, na sauti ya Mama Loisi karibu kabisa, pengine hatua tatu kutoka kwenye tundu la suruali yangu, akimnong'oneza mbuzi anyamaze.

Mzee akainuka kwenye kiti chake.

"Lusubilo, toka ufike sijauona mkono wako wa kushoto," akasema. "Lete mbele mikono yako yote miwili."